Chimène, Phèdre, Bérénice au Portia: uanze na yupi?

Wanawake hawa wanne wanatoka katika tamthilia nne za kale za Ulaya. Kila mmoja anavutwa na moyo huku, na jambo zito likimvuta kule: damu ya baba, ndoa, dola, wosia. Chimène ni wa Corneille, mwandishi wa Kifaransa, katika Le Cid ya 1637. Bérénice na Phèdre ni wa Mfaransa mwenzake, Racine, 1670 na 1677, na tamthilia zao zina majina yao. Portia ni wa Shakespeare, ameandikwa mwishoni mwa miaka ya 1590, na ndiye aliye karibu zaidi na msomaji wa Kiswahili, kwa sababu Julius Nyerere alimleta kwetu katika Mabepari wa Venisi mwaka 1969, akiwa bado yuko Ikulu. Mtu mwenye nafasi ya kusoma moja tu, au kikundi chenye uwezo wa kuandaa moja tu, achukue ipi?

Jibu la shuleni linajulikana: wanawake wa Corneille ni akili, wa Racine ni hisia. La Bruyère, mwandishi Mfaransa wa zama hizo, alilipa uzito mwaka 1688 aliposema kwamba Corneille huchora watu jinsi wanavyopaswa kuwa na Racine jinsi walivyo. Kwenye mtihani kauli hiyo inakupa maksi. Kwa anayetaka kuchagua, inampoteza njia. Anayejichambua kwa ukali kuliko wote hapa ni Phèdre, yule anayesemwa kuwa mateka wa hisia, na Chimène, mwanamke wa akili, ndiye anayezimia mbele ya mfalme. Wote wanne wana akili za kutosha na mapenzi ya kutosha. Mimi ningeuliza hivi: akili ya huyu inamtumikia nani?

Chimène

Kisa chake kinaanza na kofi. Mfalme wa Castille amemteua Don Diègue, mzee aliyemaliza nguvu zake vitani, awe mlezi wa mwana wa mfalme. Baba yake Chimène aliutaka wadhifa huo mwenyewe, wanatupiana maneno, na anamzaba mzee kofi. Mzee hawezi tena kuinua upanga, hivyo anamkabidhi mwanawe Rodrigue, kijana ambaye Chimène anampenda na alikuwa karibu kuozwa kwake. Rodrigue anajiuliza, anaumia, anakwenda, anamuua baba wa mpenzi wake.

Kuanzia hapo Chimène ana kazi mbili zisizokaa pamoja. Anamdai mfalme kichwa cha Rodrigue, na anaomba kimoyomoyo asipewe.

Kama huna muda wa tamthilia nzima, soma onyesho la 4 la Sehemu ya Tatu. Rodrigue anaingia katika nyumba ya msiba akiwa na upanga uleule, anamwambia Chimène amuue yeye mwenyewe ili mambo yaishe. Msichana anamsihi kwanza auondoe upanga ule mbele ya macho yake. Kisha anaanza kujenga hoja, na hoja yake ni ya ajabu: ulifanya kile ambacho mtu mwenye heshima alipaswa kufanya, na kwa kunikosea umeonyesha kwamba unanistahili, nami sina budi, kwa kifo chako, kuonyesha kwamba ninakustahili. Angalia ilivyopangwa. Anadai auawe kwa sababu anampenda, na anampenda zaidi kwa sababu alitenda jambo linalomlazimu adai auawe. Ukitafuta mahali ambapo akili inaishia na mapenzi yanaanzia, hutapaona. Halafu, baada ya hoja zote hizo, anamwambia: "Nenda, sikuchukii." Rodrigue anajibu kwamba unapaswa kunichukia. Anasema: "Siwezi."

Corneille hakumwacha abaki na fahari hiyo. Katika Sehemu ya Nne mfalme anamtega kwa kumdanganya kwamba Rodrigue amekufa, na Chimène anaanguka. Alipoambiwa kijana yu hai, anajitetea kwamba mtu huzimia kwa furaha pia, si kwa huzuni tu. Hakuna barazani anayemwamini, na msomaji anacheka. Napenda kwamba Corneille alituachia kicheko hicho katikati ya msiba. Kinatukumbusha kwamba huyu ni binti mdogo anayejaribu kubeba mzigo wa ukoo mzima peke yake.

Watu wa Paris walimpenda, wakosoaji wakamrukia. Georges de Scudéry aliandika kushambulia tamthilia, na Académie française, chombo cha wasomi wa lugha ya Kifaransa, iliyokuwa na miaka michache tu tangu ianzishwe mwaka 1635, ikatoa hukumu yake. Kosa kubwa lililotajwa ni kwamba binti mwema hawezi kukubali kuolewa na muuaji wa baba yake, hata kama mfalme ndiye aliyeamuru. Na kwa kweli hasemi ndiyo kwa uwazi. Mfalme anampa mwaka mmoja wa kuomboleza na pazia linashuka.

Kuna mwanamke wa pili humo ambaye wengi humruka: Infanta, binti wa mfalme. Naye anampenda Rodrigue, lakini cheo chake hakimruhusu kuolewa na mtu wa chini, kwa hiyo ameamua mwenyewe kumsukumia Chimène ili tumaini lake life. Hapo una akili tupu ikifanya kazi yake. Nayo jukwaani haisisimui. Analalamika vizuri, anarudi kulalamika tena, na kisa kinaendelea bila yeye. Waongozaji wengine wamewahi kumkata kabisa, na siwalaumu.

Phèdre

Phèdre ni mke wa Thésée, mfalme wa Athens, na anampenda Hippolyte, mtoto wa mumewe. Anapotokea mara ya kwanza ana siku tatu hajala wala kulala. Mapambo ya kichwani yanamlemea, shela inamlemea, mwanga unamuumiza macho. Ameamua kufa bila kusema. Yaya wake Oenone anamlilia, anamshika magoti, anamng'ang'ania amwambie ugonjwa wake ni nini. Phèdre anazunguka: unamjua mwana wa yule mwanamke wa Kiamazoni, yule ambaye mimi mwenyewe nimemtesa muda wote huu? Oenone anashtuka: "Hippolyte? Miungu mikuu!" Naye Phèdre anamjibu: "Wewe ndiye uliyemtaja."

Soma tena jibu hilo. Mwanamke aliyechanganyikiwa na mapenzi asingeweza kulipanga. Phèdre anafikiri kama wakili hata akiwa kitandani mwa mauti, na orodha ya hatua alizochukua kabla ya hapo inaonyesha hivyohivyo. Alimjengea Venus, mungu wa mapenzi, hekalu, akachinja kafara. Ilipokuwa haisaidii, akajifanya mama wa kambo katili ili kijana apelekwe mbali. Kila alichokifanya kilikuwa cha busara, na hakuna kilichofaa. Akili yake inaona kila kitu, inahukumu kila kitu, haizuii chochote. Racine mwenyewe anaandika katika dibaji kwamba huyu hana hatia kamili wala hana usafi kamili.

Hapo ndipo ningemweka ubavuni mwa Chimène. Wote wawili wanajua wanachopaswa kufanya, tena wanakijua kwa maneno fasaha. Tofauti ni kwamba Chimène ana pa kupeleka akili yake: kuna mfalme, kuna baraza, kuna sheria ya pigano la watu wawili. Anaweza kushtaki. Phèdre hana mahakama ya nje. Mshtaki, shahidi na jaji wote wamo ndani ya kichwa chake, na hukumu imeshatolewa kabla pazia halijafunguliwa. Ndiyo maana Le Cid inasomeka kama mbio na Phèdre inasomeka kama chumba kisicho na dirisha.

Mgeuko wake mkubwa umo katika Sehemu ya Nne. Thésée, aliyedhaniwa amekufa, amerudi. Oenone, kumwokoa bibi yake, amemsingizia Hippolyte kwamba ndiye aliyetaka kumvunjia baba yake heshima. Phèdre anakuja mbio kumtetea kijana, na huenda alikuwa tayari kukiri. Katika mazungumzo Thésée anadondosha neno kwamba Hippolyte anadai kumpenda Aricie, binti wa kifalme aliye mateka wa Thésée. Phèdre ananyamaza. Hakujua kwamba moyo ule uliomkataa yeye unaweza kupenda mwingine. Ukweli uliokuwa mdomoni unarudi tumboni, na kijana anakufa. Wivu umefanya kwa dakika moja kile ambacho mapenzi hayakufanya kwa miaka.

Wengi humlinganisha na Medea wa Euripides, aliyechezwa Athens mwaka 431 kabla ya Kristo, katika shindano ambalo waamuzi walimpa Euripides nafasi ya tatu kati ya watatu. Medea naye, kabla ya kuwaua watoto wake, anasema wazi kwamba anajua uovu anaokwenda kuutenda, ila ghadhabu yake ina nguvu kuliko mashauri yake. Wanafanana hapo tu. Medea hupanga na hutekeleza kwa mkono wake. Phèdre humwachia yaya wake atende, kisha anamlaani kwa kutenda. Racine anawaunganisha kwa njia ndogo ya kikatili: sumu anayoinywa Phèdre mwishoni ni ile iliyoletwa Athens na Medea.

Kasoro ya tamthilia hii ni kwamba akiondoka Phèdre jukwaani, joto linapungua. Aricie na Hippolyte wanapendana kwa adabu sana. Na habari ya kifo cha kijana inasimuliwa kwa hotuba ndefu mno, jambo linalomtaka mwigizaji mwenye pumzi na watazamaji wenye subira.

Bérénice

Kisa chake kinaenea katika sentensi moja: Titus amekuwa kaisari baada ya kufiwa na baba yake, Rumi haimtaki malkia wa kigeni, hivyo inambidi amwache Bérénice, malkia wa Palestina, ingawa wanapendana. Hakuna anayekufa, na upanga hauchomolewi. Racine aliona fahari kuunda tanzia kutokana na kitu kidogo hivyo, na alisema kwamba damu na maiti si lazima, huzuni yenye hadhi inatosha.

Kwa sehemu nne hivi, akili zote ziko upande wa mwanamume. Titus ndiye mwenye sababu: dola, sheria, Seneti, mfano wa waliomtangulia. Bérénice anasikia tu kwamba anaachwa, na anajibu kama mtu anayeachwa. Anamuuliza mwezi mmoja baadaye, mwaka mmoja baadaye, wataumia kiasi gani bahari zikiwatenga. Anapomwona analia, anamshangaa: wewe ni kaisari, bwana, na unalia! Msomaji mvivu ataandika pembeni "hisia" na kufunga kitabu. Lakini swali lile la kaisari anayelia ni hoja, na kali: kama una mamlaka yote, nani anakulazimisha? Titus hana jibu zuri.

Mwishoni kinatokea kitu ambacho sijakiona kwa Chimène wala Phèdre. Bérénice alidhani haachwi kwa sababu ya Rumi bali kwa sababu mapenzi yamekwisha. Anapohakikisha kwamba Titus anampenda bado, kiasi cha kutaka kujiua, anatulia, na ndiye anayetoa uamuzi. Titus ataishi na kutawala, Antiochus, rafiki aliyempenda kimyakimya miaka yote, asimfuate, na yeye anakwenda zake. Busara yake imezaliwa moyo ulipopata ulichotaka kusikia. Ukiwahi kumwona mtu aliyeachika anayeweza kuendelea na maisha pale tu alipopewa maelezo ya kweli, unalijua jambo hili bila kuhitaji Rumi.

Kwa hukumu yangu huyu ndiye mkubwa kuliko wote, ingawa Phèdre ndiye maarufu zaidi.

Portia

Baba amekufa na kuacha makasha matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi. Atakayechagua kasha lenye picha ya Portia ndiye atakayemwoa. Portia analalamika kwamba hawezi kuchagua anayempenda wala kumkataa asiyempenda. Kisha anatii. Lakini anapofika Bassanio, mwanamume anayemtaka, kunapigwa muziki na kuimbwa wimbo, na wataalamu hawajaacha kubishana kama wimbo ule unampa Bassanio dokezo. Mimi naona anaweza kabisa kufanya hivyo. Mwanamke ambaye baadaye atavaa joho la mwanasheria, aingie mahakamani Venisi, na kumbana Shylock, Myahudi mkopeshaji anayedai ratili ya nyama ya mwili wa Antonio, kwa kipengele cha mkataba wake mwenyewe, kwamba achukue nyama hiyo bila tone la damu, hashindwi kupitisha ujumbe katika wimbo.

Portia ndiye pekee kati ya wanne ambaye akili yake inautumikia moyo wake moja kwa moja, na anashinda. Anamwokoa Antonio, rafiki wa mumewe, halafu, akiwa bado amejificha ndani ya nguo za kiume, anamwomba Bassanio pete ile aliyoapa hataivua kamwe. Bassanio anakataa, kisha anaituma. Nyumbani anaulizwa pete iko wapi. Onyesho lile la mwisho linachekesha, lakini chini yake kuna mke anayemwonyesha mume, mbele ya Antonio, nani anapaswa kutangulia. London ya wakati ule wanawake hawakupanda jukwaani, kwa hiyo watazamaji walikuwa wanamwona mvulana aliyejifanya mwanamke aliyejifanya mwanamume. Paris ilikuwa tofauti: Bérénice na Phèdre walichezwa na mwanamke, la Champmeslé.

Ila Portia anakuja na mzigo, na anayemchagua aujue mapema. Anahubiri huruma kwa ufasaha, kisha baraza lilelile linamvua Shylock mali na kumlazimisha aache dini yake. Mwana wa mfalme wa Morocco anapokosa kasha na kuondoka, Portia anasema wote wenye rangi yake wachague vivyo hivyo. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa hatalipita neno hilo bila kusimama. Kikundi kitakachoigiza tamthilia hii bila kuzungumzia mambo hayo mawili kitayakuta yanaulizwa ukumbini.

Nani achukue ipi

Msomaji wa peke yake, asiyejua Kifaransa, aanze na Mabepari wa Venisi. Nyerere aliitafsiri kwa mashairi yasiyo na vina, na hotuba ya mahakamani ukiisoma kwa sauti inakaa mdomoni. Asitarajie tanzia, wala mwanamke anayeteseka.

Anayesoma Kifaransa, na wengi waliosomea Kongo, Burundi au Rwanda wanakisoma, ana uhuru zaidi, maana hakimiliki za tamthilia hizo tatu zimekwisha zamani na maandishi yake yanapatikana bure mtandaoni. Huyo ningempa Bérénice kwanza. Ina mistari 1,500 hivi, jioni mbili inatosha. Akiwa ni mtu wa kupenda mabishano, mwanasheria kwa mfano, Le Cid itamfaa zaidi. Ina mistari zaidi ya 1,800, lakini matukio yanakimbia: kofi, pigano, vita na Wamoori, pigano tena.

Kikundi cha maigizo kitazame kwanza kina watu wangapi. Bérénice ina wahusika saba, haina mabadiliko ya mahali, na mavazi yanaweza kuwa ya kawaida kabisa. Hatari yake ni kwamba haina pa kujificha: mwigizaji asiyeweza kusikiliza jukwaani ataonekana mara moja, kwa sababu nusu ya tamthilia ni mtu mmoja akisikia habari ambayo mwingine anashindwa kuitamka. Le Cid inahitaji watu kumi na mbili hivi na vijana wenye nguvu. Phèdre isiguswe mpaka kikundi kiwe na mwanamke mmoja anayeweza kubeba Sehemu ya Nne. Akiwepo, wengine wanaweza kuwa wa wastani na bado onyesho likasimama.

Anayetaka kucheka aende kwa Molière, mtunzi wa Kifaransa wa vichekesho, asome Les Femmes savantes ya 1672. Ndugu wawili: Armande amejitoa kwa falsafa na anaiona ndoa kuwa jambo la watu wa chini, Henriette anataka mume, nyumba na watoto. Armande alimkataa Clitandre miaka miwili. Alipohamia kwa mdogo mtu, falsafa ikageuka wivu. Molière yuko upande wa Henriette waziwazi, kupita kiasi kwa msomaji wa leo, lakini Henriette si mjinga wa mapenzi. Familia inapodhaniwa imefilisika, ndiye anayetaka kumwachilia Clitandre asije akaingia umaskini kwa ajili yake.

Na kwa aliyekwisha soma Bérénice akaipenda, kuna jambo la ziada. Mwaka uleule wa 1670, wiki moja tu baada ya Racine, Corneille naye aliletwa jukwaani Paris, na kundi la Molière, na tamthilia yake juu ya watu walewale, Tite et Bérénice. Humo Seneti inakubali. Rumi yenyewe inamfungulia malkia mlango, hakuna kizuizi kilichobaki, na bado anakataa kuolewa, kwa hesabu zake mwenyewe. Isome ya Racine kwanza. Ukianza na ya Corneille, utamwona mwanamke wa Racine kuwa dhaifu kwa kulia, na utakuwa umemkosea.